Habari Iliyowatangulia Wafiwa

Waitara ana duka la steshenari kata ya Nyamisangura, mjini Tarime. Anapiga fotokopi, anachapa barua, anawajazia watu fomu za mtandaoni. Mkewe Beryl anauza nguo za watoto upande wa pili wa duka hilo hilo. Matajiri si matajiri, na njaa hawalali nayo. Ni watu kama mimi na wewe.

Miaka minne iliyopita shangazi yake Waitara alifariki Kehancha, upande wa Kenya. Waitara alipata habari siku nne baada ya mazishi. Tangazo liliwekwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, likafunikwa na vichekesho na picha za mpira. Ilimuuma sana, kwa sababu shangazi huyo ndiye aliyemlea. Basi akaamua kufungua blogu ya tanzia.

Blogu ni ukurasa wako mwenyewe kwenye mtandao. Unachoandika hapo kinabaki. Mtu aliye Mugumu au Kenya anaweza kukitafuta leo au mwezi ujao, na akakikuta. Kuifungua si kazi. Waitara alitumia simu yake na barua pepe, saa moja ikatosha. Kazi ni kupata wasomaji, na hapo ndipo wengi wetu tunapochemsha.

Miezi mitatu ya kwanza alisomwa na watu kumi na wanne, na wawili kati yao walikuwa yeye na Beryl. Aliweka vichwa vya habari kama "Majonzi Makubwa" na "Pengo Lisilozibika". Sasa nani atajua ni majonzi ya nani? Tena aliandika siku moja, kisha wiki tatu kimya. Akakata tamaa, akawa mkali hata kwa wateja.

Halafu, Jumanne moja asubuhi, shimo la wachimbaji wadogo lilititia karibu na Nyamongo. Dereva mmoja wa bodaboda alimpigia Waitara simu, akamtajia kijana aliyefukiwa humo akafa. Aliitwa Revocatus, mwenyeji wa Machochwe, wilaya ya Serengeti. Waitara hakuuliza zaidi. Aliandika jina, kijiji na jina la baba, akarusha linki kwenye makundi yote aliyokuwemo. Hadi saa kumi jioni habari ile ilikuwa imefunguliwa mara elfu moja na mia tisa. Alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na sitamfichia.

Beryl alimuuliza, "Baba Rubeni, mama yake ameshaambiwa?"

Waitara akajibu kwamba bila shaka wameshamwambia. Hakujua, alisema tu.

Mama Revocatus alikuwa hajaambiwa. Huku kwetu kifo cha mtoto hatumtupii mama kama salamu. Wazee hukutana kwanza. Wanawake wa jirani huja wakakaa naye, ndipo anaambiwa, akiwa amekalishwa na ameshikwa. Baba wadogo wa marehemu na wanawake wawili wa kanisani walikuwa wameshakodi gari kutoka Nyamongo, wanakwenda kwake. Lakini mpwa wa mama huyo, aliyeko Kehancha, alisoma blogu. Akapiga simu kutoa pole.

"Pole ya nini?" mama aliuliza. Alikuwa peke yake uani, akipukuchua mahindi.

Wazee walipofika walikuta mahindi yametapakaa na mlango uko wazi. Mama walimkuta mwendo wa nusu saa kutoka hapo, ameanguka kwenye njia ya mkato na kiatu kimoja mguuni. Alikuwa anakwenda Nyamongo kwa miguu kumtafuta mwanawe. Tangu siku hiyo alipooza upande wa kulia, na kusema akawa hawezi.

Wiki moja baada ya mazishi, Simioni, kaka yake Revocatus, alifika dukani. Waitara alijua leo atapigwa. Simioni hakuinua mkono wala sauti. Alisimama mlangoni.

"Tulikuwa njiani," alisema. "Ungetupa saa mbili tu."

Akaondoka. Waitara alifunga duka mchana ule ule. Sokoni aliona aibu kukatiza. Akataka kuifuta blogu yote. Beryl akamwambia kwamba kufuta hakutamwinua yule mama, afadhali aende kwa Samira.

Samira ni jirani yao, fundi cherehani. Kabla ya kushona alifanya kazi redioni miaka minane, akisoma matangazo ya vifo. Waitara alimwamkia shikamoo, akaeleza yote bila kujitetea. Samira akasimamisha cherehani.

"Redioni hatukusoma kifo cha kusikia," alisema. "Ndugu wa marehemu alete karatasi, aandike jina lake na uhusiano wake, atuambie nani bado hajaambiwa. Kama ni mama au mke, karatasi inasubiri, hata siku mbili. Watu walituamini kwa hilo. Hatukuwa wa kwanza hata siku moja."

Waitara akauliza, kama si kuwahi, wasomaji atawatoa wapi? Samira akamjibu kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wale elfu moja na mia tisa wako wapi leo?

Kisha akamfundisha. Kichwa cha habari kitaje jina, kijiji na siku ya mazishi, kwa sababu hayo ndiyo mtu anayoandika akitafuta. Ndani afuate mtindo wa redio: habari ziwafikie fulani wa Mugumu, fulani wa Sirari, fulani wa Kehancha. Kila anayetajwa atasoma, na atamtumia mwenzake. Linki asiimwage kila mahali. Aipeleke kwenye kundi la ukoo na la kijiji kinachohusika, pamoja na mistari miwili ya maelezo. Picha iwe ile iliyochaguliwa na familia. Wiki isiyo na msiba aandike jambo la kuwasaidia wafiwa, kwa mfano namna ya kupata cheti cha kifo, na iwe kila Jumamosi ili watu wazoee. Mtu akiuliza, ajibiwe. Akikosea, asahihishe na aseme kwamba amekosea.

Waitara aliondoa habari ya Revocatus, akaandika ya kuomba radhi. Wasomaji wakashuka hadi ishirini na kitu. Shimo jingine lilipotitia, watu walimtukana kwa kuchelewa, wakahamia kurasa nyingine. Yeye aliisubiri familia. Ilikuja siku ya pili, na tangazo lake ndilo pekee lililokuwa na jina sahihi. Polepole watu wakaanza kuleta karatasi wenyewe. Siku hizi anasomwa na watu mia nne hivi kwa wiki, na wengi ni wale wale. Lakini usingizi wake haujarudi kama zamani.

Mwezi wa tano mwaka huu Simioni alirudi dukani, akiwa na baba yake mdogo. Waitara alisimama, akamwamkia mzee, akafungua daftari la matangazo. Kama kawaida yake, akauliza nani bado hajaambiwa.

"Kaa kwanza," Simioni alisema.

Waitara akakaa. Mzee akaja akakaa karibu naye, akamshika mkono.

"Mama ametutoka jana mchana," Simioni alisema. "Wote wameshaambiwa. Umebaki wewe."

Waitara alilia pale pale, mbele ya wateja, nao wakamngoja. Kisha akaandika majina ya ndugu kumi na tisa, na vijiji vyao. Alimsomea Simioni mara mbili kabla ya kulipandisha tangazo kwenye blogu.

Ijumaa, kwenye mazishi kule Machochwe, hakuna ndugu aliyelalamika kwamba hakupata habari. Waitara naye alikwenda. Wakati wa kufukia kaburi, yeye na Simioni walipokezana koleo.