Bibi Harusi wa Bombani

Wiki ya kufungua shule, duka la steshenari lililo jirani na stendi ya Bagamoyo halina pa kuweka mguu. Wazazi wanagombea madaftari, watoto wanakanyagana, mashine ya fotokopi inatoa joto kama jiko la mkaa, na Ramadhan mwenye duka anaita majina ya wateja kwa sauti ya mnadani. Katika vurugu hizo ndipo Wafaa, binti wa Mzee Mahmoud muuza vitambaa, alipopewa bahasha isiyokuwa yake.

Siku hiyo Wafaa alivaa baibui jeusi lenye tarizi ya kijani mikononi, na harufu ya udi ilimtangulia. Alifuata nakala za mitindo ya magauni, maana alikuwa akiwafundisha wasichana kushona. Kufungua bahasha, akakuta mistari ya rangi ya kahawia imejipindapinda karatasi nzima.

"Ramadhan! Mimi nimeleta magauni, umenipa minyoo?"

"Si minyoo, bibie," ilijibu sauti nyuma yake. "Ni vilima. Ukiona mistari imebanana, ujue hapo utapanda mpaka utwete."

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati la khaki la mifuko minne, buti zimeganda vumbi, na dira imening'inia shingoni kwa kamba nyekundu. Mkononi ameshika nakala za magauni ya Wafaa.

"Na mimi nimepewa marinda," akasema. "Nikadhani ni matuta ya viazi."

Wafaa alicheka bila kupenda. Kijana akajitaja: Humaid, kwao Ubena, baba yake ana duka barabara kuu. Alitumwa na chama kimoja cha vijana kutafuta mahali pazuri pa kuwafundishia ramani na dira.

"Vijana wa siku hizi simu ikiisha chaji, hawajui hata kwao ni upande upi."

"Semea hao wa Ubena. Sisi wa hapa hatupotei. Kibla tunakijua tangu tumboni."

"Haya, kibla ni wapi?"

Wafaa alinyoosha kidole juu ya vichwa vya watu, bila hata kuangalia. Humaid akainua dira, akatazama, akatazama tena. Kaskazini sawasawa, kama ilivyo kibla cha pwani yetu.

"Umeishinda dira."

"Basi na inifuate mimi," alisema Wafaa, akachukua magauni yake akatoka. Namba ya simu alimwachia Ramadhan, eti bahasha zikichanganyika tena.

Zilichanganyika jioni ile ile.

"Hujambo, kibla changu?"

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye minyoo."

Miezi miwili walizunguka pamoja, Wafaa akifuatana na shoga yake Mina ili watu wasipate la kusema. Kumbe mahali pa kufundishia dira hapapatikani ovyo! Mapinga walipapenda, lakini walipokwenda mara ya pili njia waliyoichora ilikuwa imezibwa na ukuta wa matofali, mtu kanunua kiwanja. Saadani kuna tembo na simba, nani atampeleka mtoto wa mtu huko? Kwenye mikoko maji yakijaa, njia yote inamezwa. Minazi nayo imefanana, mwanafunzi atazunguka mnazi mmoja mpaka magharibi.

"Wewe unachagua mahali kama mwari anachagua mchumba," Wafaa alimtania.

"Mchumba nimeshachagua. Kilichobaki ni mahali."

Wafaa alijifanya hakusikia, ila usiku mzima aliligeuza neno hilo.

Mwisho Humaid alipapata nyuma ya Kiromo. Shamba la mkonge lililoachwa zamani, lina vichuguu, kisima kikavu, mkondo mdogo na mkwaju mmoja mkubwa. Upande mmoja barabara, upande mwingine bonde. Mtoto akipotea atagota kimojawapo, atarudi. Hapo ndipo roho yake ilipotua. Kamati ya chama ikiridhia, angepata kazi ya kudumu ya kufundisha. Akipata kazi, wazee wa Ubena wangekuja kwa Mzee Mahmoud. Hilo alitaka kumwambia Wafaa pale pale, chini ya mkwaju.

Akamwandikia kijikaratasi: *Anzia kisimani. Shika nyuzi mia tatu na kumi. Hatua mia sita. Mwisho wa hatua nipo mimi. Simu tuzime, mpenzi, njoo kwa dira.*

Dira alishamfundisha: ishike kifuani, usawa wa moyo, ngoja sindano itulie.

Jumamosi hiyo Wafaa alijipamba. Gauni la hariri rangi ya zabibu, hina mpya, mtandio mweupe uliobanwa shingoni kwa pini za sumaku alizoletewa na binamu yake kutoka Maskati, vile viduara viwili vinavyonasana bila kutoboa kitambaa. Mina alimsindikiza hadi kisimani, akakaa kumngoja. Wafaa akashika dira usawa wa moyo, akahesabu hatua. Mkonge ukamchoma, jasho likamwagika, hatua mia sita zikaisha.

Alitokea bombani.

Wanawake kumi na watatu wenye ndoo waligeuka kumtazama.

"Loo! Bibi harusi huyo!"

"Bwana harusi yuko wapi, mwanangu? Au amekwenda kuteka maji?"

"Hajafika," Wafaa alijibu, akiamini mzaha wa Humaid u karibu kuisha na atachomoza.

Alisimama saa mbili. Ndoo zilijaa, zikaondoka, zikarudi, na kila zilizorudi zilirudi na watu wengine wa kumtazama. Mmoja alimpiga picha. Kufika kesho yake, mji mzima una picha, na maneno chini yake: *Bibi Harusi wa Bombani.*

Naye Humaid? Alikaa chini ya mkwaju, mkeka umetandikwa, chai ya tangawizi ndani ya chupa, kaimati kwenye bakuli. Alikaa saa mbili na nusu. Kaimati zilikaukia hapo.

Walipowasha simu, wakarukiana kama paka.

"Hukuja!" alisema Wafaa.

"Mimi? Nimekaa mpaka alasiri! Wewe ndiye hukuja!"

"Nimesimama juani saa mbili watu wakinicheka!"

"Umesimama wapi? Mkwaju ni mmoja tu, Wafaa, na chini yake nilikuwa mimi na sisimizi."

"Mwongo wewe! Ulitaka kunichezea mbele za watu."

"Kama hunitaki sema, usinitungie hadithi."

"Sikutaki! Na utanikumbuka."

Akamfungia namba.

Kwa kweli Wafaa hakuwa mtu wa visasi. Lakini kila alipokwenda sokoni, muuza nazi aliimba taarabu ya harusi. Wasichana wake wa kushona walinyamaza akiingia. Baba yake alimwuliza, "Hii picha ni wewe?" Hasira ikaota ndani yake, ikapaliliwa kila siku.

"Siku ya majaribio ya Humaid ni Jumamosi," alimwambia Mina. "Kamati yote itakuwepo. Ameshatundika vibendera kumi vya vijana kutafuta kwa ramani."

"Sasa?"

"Vinne vitahama."

"Wafaa, shoga yangu, kuna watoto mle."

"Sivipeleki mbali. Nataka aone anavyochekwa mtu mzima. Basi."

Ijumaa baada ya sala, akaingia mkongeni akang'oa vibendera vinne, akavipachika alikotaka yeye. Alipomaliza, alitabasamu.

Jumamosi saa mbili asubuhi vijana ishirini na wanne walitawanyika, ramani mkononi. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Verdiana, mstaafu mwenye miwani ya kamba, alikuwa amemwomba Wafaa aje kuwaangalia wasichana, maana alimsomesha darasa la nne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza." Wafaa alikuwa amevaa mtandio ule ule. Alikuja kutazama mtu akianguka, na mtu hujipamba kwa siku kama hiyo.

Humaid hakumwangalia.

Saa nne vijana walianza kurudi, mmoja mmoja, wamekunja nyuso. "Kibendera cha nne hakipo, mwalimu." "Cha sita kiko bondeni!" Wanakamati walinong'onezana. Mmoja akacheka. Humaid aligeuza ramani, akaigeuza tena, na jasho likamchirizika masikioni. Wafaa aliuonja ushindi wake. Ulikuwa mtamu kweli kweli, kwa dakika kumi hivi.

Saa tano Mwalimu Verdiana alihesabu vichwa. "Ishirini na mmoja. Wako wapi wale mabinti watatu?"

Vijana waligeuka kutazama mkongeni.

"Kila mtu achukue dira, tuwatafute. Wafaa, shika hii. Nenda kaskazini moja kwa moja."

Wafaa akaipokea, akaiinua usawa wa moyo. Sindano ikasema kaskazini ni kule. Lakini kaskazini si kule! Kibla chake alikijua. Akaisogeza dira juu kidogo; sindano ikayumba. Akaileta karibu na shingo, na sindano ikajizungusha ikamtazama kooni. Akasogea kushoto, ikamfuata. Akasogea kulia, ikamfuata.

Alipeleka mkono shingoni, akazigusa pini za sumaku.

"Ya Rabi," akasema. Humaid alikuwa chini ya mkwaju. Alikuwepo kweli.

Alizing'oa pini akazitupa kwenye majani, mtandio ukamwangukia mabegani, akaukusanya kichwani kwa mkono mmoja na kukimbia. Hakuhitaji dira. Alijua alipokipeleka kibendera cha sita. Aliwakuta mabinti watatu bondeni, wamekumbatiana, miguu imechanwa na miiba ya mkonge, mmoja ameishiwa hata machozi.

Alipowarudisha, Mwalimu Verdiana alikuwa ameshafungua kalamu. "Eneo halifai. Na aliyelipanga hafai."

"Eneo halina kosa, mwalimu," alisema Wafaa, mbele ya vijana wote na kamati yote. "Vibendera nimehamisha mimi. Nilidhani Humaid aliniacha bombani makusudi. Kumbe nilipotea kwa pini zangu mwenyewe, zilivuta dira. Mimi ndiye Bibi Harusi wa Bombani, kama kuna asiyejua."

Hakuna aliyecheka. Mabinti wale watatu walimtazama kwa namna ambayo hatakuja kuisahau.

Humaid alikunja ramani yake taratibu, kunjo baada ya kunjo. "Nimesikia," alisema. Akaondoka.

Kamati ilimpa mwezi mmoja atafute mahali pengine. Wazazi hawakutaka tena kusikia habari za mkonge. Wafaa alifungua namba, akapiga. Haikupokelewa. Wiki tatu haikupokelewa. Humaid naye alikuwa na lake moyoni: usiku akifumba macho aliona kaimati zilizokauka na ile kalamu ya Mwalimu Verdiana. Alitaka Wafaa akae kama alivyokaa yeye, juani, akingoja mtu asiyekuja.

Siku moja simu ya Wafaa ililia.

"Nimepata mahali," alisema Humaid, sauti kavu kama karatasi. "Kesho saa nne. Mashamba ya chumvi ya Nunge. Nakutumia ramani, nimetia alama."

"Nitakuja."

"Usichelewe."

"Humaid..."

Simu ilikuwa imekatwa.

Kesho yake Humaid alijificha nyuma ya kibanda cha wavuna chumvi, mbali sana, kofia imeshuka machoni. Alimwona Wafaa akija juu ya tuta jembamba, kanga ya kawaida, mtandio umefungwa kwa fundo. Akasimama, akaangalia ramani, akakaa chini. Jua la chumvi lina ukatili wake. Linapiga kutoka juu na kutoka chini. Saa ya kwanza Humaid aliihesabu kwa raha. Saa ya pili raha ilikwisha, akabaki anahesabu tu. Wafaa hakupiga simu. Hakugeuka kutafuta mtu. Alikaa, mikono magotini, kama aliyekuja kwa kazi hiyo.

Humaid akashindwa. Akatembea juu ya tuta, buti zikiponda chumvi, hadi akasimama mbele yake.

"Mbona huendi zako?"

"Saa ngapi sasa?"

"Saa sita na robo. Wafaa, hukuona kwamba nimekuhadaa?"

"Nimeona tangu jana. Ramani nasoma siku hizi. Alama umeitia katikati ya maji. Nani anakutana na mtu bwawani?"

"Sasa umekuja kwa nini?"

"Ulikaa saa mbili na nusu chini ya mkwaju. Nimekaa mbili na robo." Midomo ilikuwa imemkauka, lakini aliinua uso. "Bado robo saa. Usinikatishe."

Humaid alifungua chupa yake ya maji akamnyooshea.

"Hapana. Wewe ulikunywa?"

"Nilikuwa na chai. Sikuweza kuinywa."

"Basi."

Humaid akakaa kwenye tuta, hatua tatu kutoka kwake, suruali ikashika weupe wa chumvi. Mbele yao mabwawa yamelala mraba kwa mraba, na matuta yamekatana kama mistari ya daftari, hakuna mti wala kichaka mpaka upeo wa macho.

"Nilikuwa kule kibandani," Humaid alisema. "Nimekuona muda wote. Ulivyokaa, ulivyofunika kichwa, ulivyofuta macho. Hukunipotea hata kidogo."

"Nimesema usinikatishe."

"Nasema habari za kazi. Mtoto anayeanza kushika dira, mwalimu wake amwone mwanzo hadi mwisho. Akikosea, amwone anakosea, amfuate. Sisi tulianza na mkonge, mahali pa watu waliokwisha kujua." Akapangusa chumvi magotini. "Jumatatu naileta kamati hapa. Na wale mabinti watatu, wakikubali, wawe wa kwanza."

"Nitawaomba mimi. Nitakwenda kwao, nyumba kwa nyumba. Wakinifukuza nitarudi tena."

"Na mimi wazee wangu wa Ubena niwaambie..."

"Humaid! Bado dakika nne."

Humaid akatoa simu, akaiweka juu ya chumvi kati yao, kioo juu, wote wawili waione. Dakika zikapita polepole. Ya mwisho ilipobadilika, Wafaa alichukua ile chupa, akanywa mpaka ikaisha, akapangusa midomo kwa ncha ya mtandio.

"Haya," akasema. "Wazee wako wa Ubena uwaambie nini?"