Chukua Lile Kubwa

"Chukua lile kubwa," Optatus alisema.

"Nimesema nataka hiki kidogo."

"Kubwa lina nguvu, Yasinta."

"Na hiki kinabebeka!"

"Kwani unakibeba unakipeleka wapi?"

Jamani, hapo moyo wangu ulifanya paa! Wateja wote dukani kwa Abdulkadiri wakageuka kutuangalia. Mwenzenu nikikasirika natoka jasho la pua, na siku ile pua ililowa kama ya ndama.

Ngoja niwaeleze. Mimi natengeneza video za harusi hapa Masasi. Miaka yote nilikuwa naazima kompyuta ya Cyril, mwenye studio karibu na stendi, na sasa nilikuwa nimejikusanyia pesa nikanunue laptop yangu mwenyewe. Optatus ni mchumba wangu, fundi wa mashine za kupulizia dawa mikorosho, kwao Mnyambe, huko juu Newala. Alishuka siku hiyo makusudi aje kunisaidia kuchagua.

Abdulkadiri alikuwa ameziweka mbili mezani.

"Sikieni," akasema, "hili kubwa limetumika kidogo huko lilikotoka, lakini ni jitu la kazi. Video ya harusi nzima unaliachia, unakwenda kunywa chai, ukirudi limemaliza. Ila betri lake limechoka. Ukichomoa waya tu, limezima."

"Na kidogo?"

"Hiki bei yake rahisi, unakitia kwenye mkoba, sola inakichaji, kutwa nzima unacho. Ila usikipe video, shemeji. Ukikipa video utapika ugali, utakula, utaosha vyombo, bado kinafikiria."

Mnaona? Nami nilikuwa nimeshaamua. Mnyambe wakati ule umeme ulikuwa haujafika, watu walikuwa na sola za kuwashia taa na kuchajia simu. Nikiolewa nitahamia kule, si ndiyo? Nimekulia mjini, baba yangu alikuwa mtu wa Songea, na kwa kina baba mwanamke ndiye anayefunga mizigo. Lile kubwa kule lingekuwa la kutandikia vitambaa. Nikasema potelea mbali, video naacha. Nitatengeneza kadi, nitachapia watu barua. Optatus nilikuwa sijamwambia. Nilitaka aone mwenyewe, nikishika kile kidogo, kwamba nimemchagua yeye.

Halafu mtu huyohuyo ananiambia chukua kubwa, lisilotoka kwenye soketi ya Masasi!

"Optatus, yaani wewe unataka mimi nibaki hapa Masasi na likompyuta?"

"Ndiyo, nataka."

Alisema ndiyo! Tena bila kupepesa macho!

"Haya. Nimekuelewa."

"Umeelewa nini sasa?"

"Abdulkadiri, rudisha vitu vyako. Leo hatununui."

Nikatoka bila kuaga, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani. Jioni meseji ikaingia.

"Nimefika Mnyambe. Mbona umeniacha dukani?"

"Kaulize likompyuta lako."

"Yasinta niambie ukweli. Unaondoka?"

"Niondoke niende wapi?"

"Cyril anahamia Dar. Watu wanasema anakuchukua mkafanye kazi huko. Mtu anayebaki hanunui kitu cha kubeba."

Nilipiga simu hapohapo.

"Wewe Optatus una akili timamu? Kwa hiyo mimi nikinunua mkoba ndiyo naenda Kongo?"

"Basi niambie kwa nini unataka kidogo."

Ningesema tu, yangeisha. Lakini kiburi kilinikaba. Niseme nahamia kwako, wakati wewe umenitamkia nibaki?

"Kama hujui, mimi sikwambii."

"Sawa. Na mimi nina jambo, ila halisemwi na mimi. Mjomba Christopher atakuja Jumapili kuongea na mama yako."

"Jambo gani la kumtuma mjomba?"

"Nimesema halisemwi na mimi!"

Nikakata. Mama alikuwa jikoni anapepeta mchele.

"Mama, mjomba wake anakuja kuvunja uchumba."

"Nani kasema?"

"Yeye! Hawezi kusema mwenyewe, anamtuma mjomba. Mimi sisubiri kuvunjiwa, mama. Kesho napanda mwenyewe nikamwambie usoni."

"Binti gani anaenda ukweni peke yake hajaolewa?"

"Binti mwenye hasira."

"Basi beba maji ya kunywa," mama akasema. "Huko juu utayanunua."

Asubuhi nikapanda basi la Newala. Tulipoanza kupanda mlima tukapishana na lori linashuka na magunia ya makopa, mihogo mikavu. Juu ya magunia kuna kitanda kimegeuzwa miguu juu, na mtu amekilalia asidondoke, amejifunika shuka usoni kwa vumbi. Nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, huyo naye kaachwa huyo. Newala nikachukua bodaboda, na nilipofika Mnyambe nilikuwa nimekuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

Mama yake Optatus, mama Maria, alikuwa uwanjani anaanika mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We! Yasinta? Umefuata nini huku?"

"Nimemfuata Optatus. Kama hanitaki, aniambie mbele yako."

"Optatus hayupo. Kaenda kwenu."

"Kwetu kufanya nini?"

"Kuhamia! Kaondoka alfajiri na kitanda chake na sanduku la spana. Mjomba wake kamwambia subiri Jumapili, twende sisi kwanza tukakuombee nafasi kwa mama mkwe, mwanaume hajikaribishi mwenyewe. Hasikii! Anasema kama Yasinta anakwenda Dar, basi anikute mlangoni."

Nilikaa kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Mama, mimi ndiye nilikuwa nahamia huku."

"Huku? Nani kakwambia?"

"Si ndiyo kuolewa?"

"Kuolewa kwa wapi huko? Kwetu mwanaume ndiye anayehama, mwanangu. Baba yake Optatus alikuja hapa na shoka na panga, basi. Mikorosho hii yote aliipanda kwa mama yangu. Optatus toka mdogo anajua atakwenda kwa mke."

Nikaanza kuunganisha. Nilipomuuliza kama anataka nibaki Masasi, akasema ndiyo. Kumbe na yeye anakuja! Nikamsimulia mama Maria habari ya duka, laptop kubwa na laptop ndogo. Akanisikiliza ameshika kiuno.

"Kwa hiyo wewe ulitaka kidogo ukilete huku kwenye sola yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Na maji je? Yetu ya kununua kwa ndoo."

"Nilishajiandaa kukoga kwa kopo."

Mama Maria alicheka mpaka akakaa chini kwenye mihogo. Halafu akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na safari hii yalikuwa machozi ya kweli.

"Kwa kopo," akasema. "Kwa ajili ya Optatus wangu. Mpigie simu, mpigie!"

Mtandao ulikamatika mahali pamoja tu, juu ya gogo nyuma ya jiko. Nikapanda.

"Haloo! Optatus, uko wapi?"

"Niko kwenu. Wewe uko wapi?"

"Niko kwenu."

Nikasikia kuku wetu wa Masasi analia kwenye simu yake.

"Kwetu Mnyambe?"

"Juu ya gogo. Mama yako ananicheka."

"Umefuata nini huko?"

"Nilikuja kukuacha."

"Ndiyo umeniacha?"

"Nitakuachaje na sijakukuta?"

Akacheka. Mnajua mtu unampenda mpaka kicheko chake kinakuuma? Basi kiliniuma.

"Optatus, kile kidogo sikutaka kwenda nacho Dar. Nilitaka nikilete huku kwako. Niache video, niwe na wewe."

Sauti yake ikashuka.

"Mimi sitaki uache video. Umwone Yasinta anapotengeneza video, anaongea peke yake, anacheka peke yake, mpaka chai inapoa. Mimi nilimpenda yule. Mashine mbovu za kupulizia hata Masasi zimejaa, nitakula. Wewe huku ungetengeneza video ya nani? Ya mikorosho?"

Nililia pale juu ya gogo, mama Maria amenishika miguu nisianguke.

"Sasa usiondoke hapo," nikamwambia.

"Niondoke vipi? Kitanda nimeshakitandika. Mama yako kanipa stoo."

Nyuma yake nikasikia vicheko, na sauti ya jirani yetu Bimdogo, mwanamke mwenye simu ya kamera na asiyepitwa na jambo: "Mwambie nimerekodi yote! Toka alipotokea na kitanda kichwani!"

Jumapili mjomba Christopher akaja, akaongea kama inavyotakiwa, akamtoza Optatus jogoo kwa haraka yake, na jogoo huyo tukamla wote. Jumatatu tukaenda dukani. Abdulkadiri alipotuona akajishika kichwa.

"Mmerudi? Haya, kubwa au kidogo?"

"Kubwa!" tukasema pamoja.

Optatus akalibeba begani mpaka nyumbani, hakutaka bodaboda ilitikise.

Tulifunga ndoa msimu wa korosho ulipokwisha. Sherehe ilikuwa mchana, ukumbi wa parokia umefurika, watu wa Mnyambe walishuka na lori zima. Mimi ndani ya shela, Cyril ndiye aliyeshika lile kubwa mbele ya skrini. Cyril aliyesemwa anahamia Dar! Hajahama mpaka leo. Video ya uchumba wetu niliitengeneza mwenyewe, na mwisho niliweka kipande cha Bimdogo. Ukumbi ukaona Optatus anatokea kwenye uchochoro wetu na kitanda kichwani, sanduku la spana mkononi, vumbi tupu. Mama yangu amesimama mlangoni na fagio.

"Shikamoo mama," Optatus wa kwenye skrini akasema.

"Marahaba. Na hicho kitanda? Umekuja kufanya nini?"

Optatus akafungua mdomo.

Umeme ukakatika.

Na lile kubwa, kama Abdulkadiri alivyotuonya, likazima palepale. Ukumbi ulilipuka!

"Kasemaje? Kasemaje?"

"Washeni jenereta!"

Mjomba Christopher akasimama juu ya kiti. "Jenereta ya nini? Bwana harusi si huyu hapa? Ajibu mwenyewe!"

Optatus akainuka. Suti ilikuwa ya kuazima, mikono mirefu imemfunika vidole. Hakushika kipaza sauti, hakikuwa na kazi tena. Akamgeukia mama yangu, akasema kwa sauti iliyofika mpaka nje kwenye masufuria ya pilau:

"Nilisema, nimekuja kukaa, mama."

Vigelegele! Bimdogo aliruka mpaka kiremba kikadondoka. Mimi nilishindwa kabisa, wanja wote ukaja mashavuni. Mama yangu akangoja makelele yapungue, akajitanda kanga yake vizuri.

"Na mimi nikamwambia," akasema, "basi ingiza kitanda, mwanangu, mvua inakuja."