Laini ya Nyamira Ilikuwa Bize

Siku ya soko huwezi kupita mjini Kisii bila kusukumwa. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alimpiga Mong'ina kumbo, sketi yake ya marinda ikapepea, akaangukia kijana aliyekumbatia kompyuta.

"Pole, dada! Hii ingeanguka, babangu angenizika nayo."

"Kwani ni mtoto, unaibeba hivyo?"

"Naipeleka duka letu la Nyamira, kwa Mukesh."

Mong'ina alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye ndiye alikuwa karani wa duka hilo! Kumbe huyu ndiye Ankit, mtoto wa Mzee Mukesh, muuza mbolea na misumari. Shati jeupe, nywele zimelala kwa mafuta, macho yamejaa utundu.

Wiki hiyo Ankit alikuja Nyamira kuunganisha mitambo.

"Sasa utasoma faili za Kisii ukiwa hapa hapa."

"Kwa uchawi gani?"

"Kwa waya wa simu. Modemu inapiga Kisii, unafungua brauza, unaandika neno la siri, unaingia. Mwingine akichungulia njiani, haoni kitu."

"Na neno la siri ni gani?"

Ankit aliona haya. "Andika jina lako."

Modemu ikalia kama kuku aliyeshikwa mguu. Faili za Kisii zikatokea.

"Ukiingia, taa inawaka mezani kwangu Kisii. Nikiiona, najua uko."

Basi kila asubuhi Mong'ina aliingia kidogo, akatoka, kwa sababu laini ya Nyamira ilikuwa moja tu na ukiwa kwa faili simu haiingii. Akitoka tu, simu inalia.

"Bwakire buya, sukari," Ankit anamwamkia kwa Kigusii. "Nimeona taa."

"Ulikuwa unaikodolea macho, mvivu wewe!"

Wakigombana, Mong'ina aliweka mkono wa simu kando ya meza, Ankit apige, apate bize tu mpaka achoke.

Halafu Mzee Mukesh akamtafutia mtoto wake mchumba, Avni wa Kisumu.

"Baba anataka jibu Ijumaa," Ankit alisema kwa simu. "Sema tu unanitaka, mpenzi. Nitamkatalia mbele ya watu wote."

"Niongee na mama kwanza. Ijumaa utakuwa wapi?"

"Mezani. Niende wapi?"

Mama yake Mong'ina alikuwa Msabato wa kweli kweli. Alilia Alhamisi yote kusikia binti yake anataka Mhindi. Usiku akapangusa macho, akasema, "Kama anakupenda, aje hapa nimwone."

Ijumaa Mong'ina alivaa sweta yake ya manjano, akaingia kwa faili mapema, na hakutoka. Alitaka taa iwake kutwa nzima, Ankit aone jinsi alivyomtaka. Alikaa hapo akitabasamu peke yake kama mjinga. Jua lilipokaribia kutua akazima, akakimbia nyumbani, Sabato isimkute njiani.

Jumatatu Ankit aliingia dukani. Kidoleni, pete ya dhahabu.

"Uliweka simu kando," alisema. "Nilipiga mpaka nikalia."

"Nani aliweka kando? Nilikuwa kwa faili! Niliwasha taa uione!"

Ankit akakaa juu ya gunia la mbolea. "Sikuwa Kisii. Baba alinibeba Kisumu alfajiri. Nilikuwa napiga kutoka kwa jirani wa kina Avni. Bize, bize, bize. Nikajua umenikataa."

"Mama alikubali, Ankit."

Ankit akaanza kuvuta pete. "Inatoka hii. Naitoa sasa hivi."

"Avni ulimwambia nini?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya nyanya yake."

Mong'ina akamshika mkono, akairudisha pete polepole mpaka ikakaa. "Basi usimfanyie huyo msichana vile nimefanyiwa. Mimi nayajua maumivu ya kuachwa tangu saa hii."

"Mong'ina…"

"Karani!" mteja aliita kutoka kaunta. "Misumari ya mabati iko?"

"Iko, mama. Nakuja."

Alijipangusa uso kwa mkono wa sweta, akaanza kupima misumari. Ankit akaja akamshikia mfuko, misumari ikaanguka ndani kidogo kidogo, na hawakuangaliana.