Mafuta ya Fisi na Sauti ya Paskazia

Jumamosi moja ya mwaka sabini na nne, dukani kwa Mzee Kanji, Shinyanga mjini, watu walibanana hadi mizani ikakosa pa kukaa. Valerian, mpiga gitaa wa bendi ya Radi, alinyoosha mkono achukue pakiti ya mwisho ya nyuzi. Mkono mwingine ukaiwahi.

Mwenye mkono alivaa suruali ya bugaluu nyekundu, pana miguuni, na viatu vya raizoni vyenye soli ndefu kama stuli.

"Dada, kumbe nawe unapiga gitaa?"

"Naimba roki. Nyuzi namnunulia atakayenipigia."

"Basi umeshampata, mrembo."

"Kwanza achane nywele."

Ndiye Paskazia, mfanyakazi wa kinu cha pamba. Alizoea kuimba juu ya ngurumo za mashine. Naapa, akipandisha sauti, mbuzi wa mtaa wa Kambarage walikata kamba. Ndani ya mwezi wakawa wapenzi, naye akawa mwimbaji wa Radi. Wimbo wake aliutunga mwenyewe: *Mdomo huu ni wangu, sikuuazima kwa baba wala kwa bwana.*

Wakaalikwa kushindana na bendi iliyotoka mji wa Nyarugusu. Usukumani mashindano ya ngoma hayana jaji: makundi mawili hucheza uwanja mmoja, kila moja upande wake, na linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Wachezaji hujipaka dawa ya kuvuta watu. Valerian akaona roki nayo ni ngoma tu. Asubuhi ya mashindano, kwa siri, akaipaka ile bugaluu ya Paskazia mafuta ya fisi kutoka kwa mganga. Yakiwa baridi hayanuki.

Paskazia aliimba, uwanja mzima ukahamia kwao. Jua lilipopanda, mafuta yakayeyuka yakamchuruzika mapajani, yananuka mzoga wa wiki. Nzi wakamvaa. Alitapika nyuma ya spika.

"Valerian, nini hiki?"

"Dawa, mpenzi. Si umeona ilivyowavuta?"

Alimtazama kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama anayoitafuna.

"Ilivyowavuta? Na mimi pale nilikuwa nafanya nini?"

"Wewe... ulikuwa umeivaa."

"Mafuta nitayafua. Kinyaa chako wewe, sijui nitakifulia wapi."

Akahamia bendi ya Nyarugusu. Wiki tatu Valerian alimpigia kwa simu ya dukani kwa Mzee Kanji.

"Asali wangu, rudi."

"Jipake dawa yako, uimbe mwenyewe. Tukutane uwanjani. Watu wakikufuata, nitarudi nikupikie hadi nizeeke, kimya."

Sauti ile ilivuka simu hadi kaunta; Mzee Kanji akadakia, "Huyo mama ana akili. Na wewe, kijana, bado unanuka."

Siku ilipofika, Valerian alijipaka kopo zima, akaimba wimbo ule ule. Watu waliziba pua. Waliomfuata ni mbwa watatu.

Upande wa pili Paskazia, kwenye bugaluu mpya nyeupe, akafungua mdomo. Wauza dagaa wakaacha mabeseni, wakavuka. Mpiga ngoma wa Radi akavuka na fimbo zake mkononi.

Valerian akabaki na mbwa. Akavua shati, akalitupa, akabeba gitaa na kuvuka uwanja mbele ya macho yote.

"Umefuata nini?" Paskazia aliuliza kwenye maikrofoni.

"Sauti."

"Ya nani?"

"Yako. Hata siku ile, iliyowavuta watu ilikuwa yako, si dawa."

Vigelegele vikapasuka.

"Na ndoa, Paskazia?"

"Oga kwanza, ndipo uulize tena. Sasa simama nyuma yangu, hatua tano. Upepo unatoka kwako."

Valerian akarudi nyuma hatua kumi, akapiga uzi wa kwanza.