Muhogo wa Nadhiri

Mwanvua wa Ilagala alikuwa na moyo mpana na haraka nyingi. Akisikia mtu ana njaa, sufuria linapanda mekoni kabla hajauliza mtu mwenyewe ni nani. Mumewe, Bilali, fundi wa mitumbwi, alishamzoea. Mwanvua alilima muhogo kule mlimani. Binti yao, Yasmini, alikuwa na miaka sita.

Mwaka ule wa mvua za El Nino, Mto Malagarasi ulifurika. Maji yaliingia kijijini mchana, watu wakakimbia na walichoweza kubeba. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini nyumba za upande wa chini zilianguka zote. Watu kama hamsini wakahamia kanisani, Wakristo na Waislamu pamoja. Nyumba ya Mwanvua ilikuwa juu, na maji hayakuifikia.

Zilibaki siku kumi Ramadhani iishe. Mwanvua akaweka nadhiri.

"Mungu ametuachia nyumba," alimwambia Bilali. "Kesho nitawalisha watu wote wa kanisani. Anayefunga na asiyefunga."

"Utawalisha nini?"

"Si nina shamba la muhogo?"

Muhogo huo ulikuwa mchungu. Wanawake wa Ilagala wanajua kwamba muhogo mchungu hulowekwa siku nne hivi, mpaka ulainike. Mwanvua naye alijua. Lakini nadhiri yake ilikuwa ya kesho. Basi jioni ile aling'oa, akamenya, akaloweka ndani ya mapipa. Asubuhi akauopoa, ukiwa bado mgumu. Akawasha moto.

"Nitauchemsha sana," alijiambia. "Uchungu utakwisha tu."

Wanawake watatu wakaja kutoka kanisani kumsaidia. Mmoja aliitwa Veneranda. Alikimbilia Ilagala kutoka Burundi miaka mingi iliyopita, akazeekea hapo. Sasa mto ulikuwa umemchukulia nyumba. Alibaki na khanga mbili na rozari yake.

Veneranda alichukua kipande cha muhogo, akakivunja. Kilikuwa kikavu na kigumu ndani. Angesemaje? Yeye ndiye mgeni, yeye ndiye anayepewa. Wenzake walikuwa wanaimba huku wakikata muhogo, na kule kanisani watoto walikuwa wanangoja. Aliona haya, lakini hofu ilizidi.

"Mama Yasmini, huu muhogo umekaa majini siku ngapi?"

"Tangu jana jioni, mama. Usijali, nitauchemsha vizuri."

"Kuchemsha hakutoshi. Sumu inabaki ndani."

Sura ya Mwanvua ilibadilika. "Natoa kwa ajili ya Mungu, mama Veneranda. Mungu anaijua nia yangu."

"Mungu anaijua," alisema Veneranda. "Muhogo hauijui."

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo. Mwanvua hakucheka.

"Nisikilize, mwanangu," Veneranda aliendelea kwa upole. "Tulipokuwa tunakimbia, dada yangu alipika muhogo kama huu. Tulikuwa na njaa, hatukuweza kungoja. Watoto walishikwa na kizunguzungu, wakatapika. Mmoja hatukumuwahi. Mtoto mdogo mwenye njaa ndiye anayedhurika upesi. Na wapo waliokula hivyo wiki baada ya wiki. Miguu yao ilikakamaa, mpaka leo hawatembei vizuri."

Mwanvua alimtazama Yasmini. Mtoto alikuwa ameshika sahani, anangoja kuonja. Mwanvua akamnyang'anya ile sahani, kisha akakaa chini akalia. Aliona aibu, na aliogopa sana.

"Na nadhiri yangu je?"

"Mungu atangoja mpaka Idi," Veneranda alisema. "Na sisi tutangoja naye."

Basi wakaepua sufuria. Uliokwishachemka wakautupa shimoni; uliobaki wote ukarudi mapipani.

Lakini watoto wangekula nini siku ile? Mwanvua hakuona haya kuomba. Alipita nyumba kwa nyumba. Katekista Thobias alitoa gunia la viazi vitamu. Wavuvi walimpa Bilali migebuka, samaki wa ziwani. Mwenye duka akatoa mawese. Siku zilizofuata kila nyumba ilileta kidogo, na hakuna mtoto aliyelala na njaa.

Huku nyuma Veneranda aligeuka mwalimu, tena mkali. Maji yawe safi, ya mvua, si ya mafuriko. Mapipa yafunikwe. Siku ya nne alibonyeza muhogo kwa kidole, kidole kikazama.

"Sasa umeiva majini," alisema. "Maji haya mwageni mbali, mbuzi wasiyanywe."

Wakauosha muhogo, wakaumega vipande vidogo, wakauanika juu ya bati. Jua lilitoka siku mbili, kisha likajificha. Wakamalizia kuukausha kwenye kichanja juu ya meko. Ulipokauka kabisa, wakatwanga na kuchekecha.

Siku ya Idi watu walitoka msikitini, wakaenda moja kwa moja kanisani. Ugali ulikuwa mweupe na laini, na dagaa waliungwa kwa mawese. Watu walikula mpaka wakalegeza mikanda. Wazee walicheza ngoma na vijana wakawacheka, kisha nao wakaingia kucheza.

Siku ile haikupita hivihivi. Tangu hapo, wanawake wa kanisani na wa mtaani wakawa wanaloweka pamoja, na Veneranda ndiye anayebonyeza kwa kidole. Hakuna anayepika kabla yeye hajasema ndiyo.

Lakini siku ile ya Idi, karamu ilipokaribia kwisha, katekista Thobias alisimama kumshukuru Mwanvua. Mwanvua akamkatiza.

"Mimi nilitoa muhogo tu, mzee. Aliyeufanya uwe chakula ni mama Veneranda."

Veneranda aliinamisha kichwa, tonge mkononi, machozi yakimlengalenga. Watoto waliomzunguka hawakusikia hotuba hiyo. Walikuwa wanagombania ukoko.