Kiwewe cha Kahongya

Kahongya wa Bulengera ni mtu tunayemjua, na nitasema wazi: wakati wa vita aliwaonyesha askari mahali jirani yake Nzanzu alipojificha. Nzanzu akauawa. Kahongya akachukua chukudu ya marehemu, baiskeli ile ya mbao ya kubebea mizigo, bado ina kipande cha godoro ambacho Nzanzu alikipigilia ili aweke goti anapoiendesha. Akawa anapita nayo mbele ya Jokébed, mjane wa Nzanzu, bila haya.

“Unaniangalia nini, mama Jokébed? Mimi siko na woga ya mutu.”

“Woga hapana, ndugu. Mwenye woga anakimbia. Mimi nakuombea kiwewe: utataka kukimbia, mais miguu itakatala.”

Akacheka, akaenda kuchukua viazi.

Alirudi jioni, ukungu umefunga njia. Kwenye mteremko alishuka, akaiongoza chukudu kwa mkono, magurudumu yakilia kii, kii. Mara akasikia breki ikikwaruza nyuma. Breki ya chukudu ni kipande cha tairi, hukanyagwa kwa mguu. Na miguu yake yote miwili ilikuwa chini.

“Nani uko pale?”

Breki ikakwaruza tena. Kahongya akaachilia usukani, iporomoke na viazi vyake bondeni. Chukudu ikasimama palepale kwenye mteremko, mbele ya nyumba ya Jokébed, aliyekuwa mlangoni.

Kahongya akataka kukimbia. Hakuweza.

Kile kipande cha godoro kilikuwa kimebonyea. Kisha kikainuka polepole, kama kinavyoinuka mwenye chukudu anaposhuka.