Faili Lililokataa Kufunguka

Harufu ya nywele zilizoungua ilianzia kwenye sinki, asubuhi ile Wijdan alipomwaga birika zima la maji yanayochemka bila kupiga bismillahi.

"Hata bismillahi, dada?" Bushra, mwenzake wa ofisini, alishika mdomo. "Wenyewe wa humo umewababua!"

"Wakapake asali."

Hakuwa na muda wa majini. Ofisi yao ya Fes iliwasaidia wanawake waliowakimbia waume wenye mikono mizito. Orodha ya wanawake kumi na mmoja, majina na nyumba walimojificha, ilitakiwa imfikie wakili wao, Lalla Zhor, kule Rabat kabla ya adhuhuri, ili hakimu atie sahihi amri ya kuwalinda. Sheria ya ofisi haikuwa na mjadala: faili lililofungwa lipite kwenye barua pepe, nywila yake isemwe kwa mdomo kwenye simu, viwili hivyo visikutane njiani.

Akalifunga, akalituma, akampigia wakili, akamsomea nywila herufi kwa herufi.

"Limekataa," Lalla Zhor alisema. "Funga upya, binti yangu."

Mara ya pili likakataa. Ya tatu, hali kadhalika. Wijdan aligonga meza hadi glasi ya chai ikaanguka. Nyuma ya sauti ya wakili kulisikika maji yakibubujika bombani, na ile harufu ilizidi mpaka Bushra akahamia mlangoni na kuanza kusoma Ayatul Kursi.

"Wijdan, nakuomba," alinong'ona. "Tumwite fakihi aje kuwasomea."

"Fakihi anajua kufungua mafaili? Niache!"

Mara ya nne likakataa tena, na adhuhuri ikawa imebakiza dakika kumi, na sauti ya kwenye simu ikamwambia kwa upole, kama mama anayembembeleza mtoto alale, "Binti, tumechoka wote. Achana na kufuli. Nisomee tu majina," na Wijdan, aliyewahi kumkaripia Bushra wiki nzima kwa kuandika nywila kwenye karatasi, akayasoma yote kumi na moja, kila jina na mtaa wake na nyumba yake, mpaka mwisho.

Laini ikakatika. Papo hapo simu ikaita.

"Wijdan? Nisamehe, binti yangu," alisema Lalla Zhor, akihema. "Nipo mahakamani tangu saa mbili, simu walituzuilia mlangoni, ndiyo kwanza wananirudishia. Naona faili lako limekuja mara nne. Haya, nipe nywila."

Wijdan aligeuka kulitazama sinki. Simu ya mezani ikalia. Bushra akaipokea, akabonyeza spika. Alikuwa Itto, wa kwanza kwenye orodha, aliyefichwa Midelt, mji ulio mbali na Fes.

"Dada Wijdan, mbona hukusema unakuja? Nimekusikia ukiniita, nikashuka ngazi mbio. Mlango nimeshafungua. Uko wapi?"